Yamekatika au Yamekatwa?

Kiswahili kina vitenzi viwili ambavyo tunavitumia kila siku bila kuvifikiria. Ukifungua bomba asubuhi likakohoa upepo tu, utamwambia jirani, "Maji yamekatika." Ukikuta fundi wa mamlaka amepita na kufunga koki kwa sababu ya deni, utasema, "Maji yamekatwa." Kwa sauti tofauti ni ndogo. Kwa maana ni kubwa, kwa kuwa ndani ya neno la pili kuna mtu. Walimu wa sarufi walitukaririsha: kauli ya kutendeka, kauli ya kutendwa. Kamba hukatika kwa uchakavu wake. Kamba hukatwa na mwenye kisu.

Lipo pia neno la tatu, la ofisini. Kwenye matangazo na kwenye ujumbe wa simu hutaambiwa "tutakukatia." Utaambiwa "huduma yako itasitishwa." Ni neno la adabu, limevaa suti na tai, na kazi yake ni kumtoa mkataji kwenye sentensi bila kumtoa kwenye kazi.

Nimeanza na sarufi kwa sababu swali ninalotaka tulijadili limejificha humo humo. Je, ni haki kumkatia mtu maji kwa kuwa hajalipa? Na hasa mtu asiye na pa kushika: bibi anayeishi peke yake, mama mwenye kichanga, mgonjwa anayeuguzwa nyumbani, baba aliyeachishwa kazi mwezi wa tatu sasa. Watu wengi wakiulizwa hivi hukimbilia upande mmoja haraka sana. Wengine wanasema maji ni uhai, mjadala umefungwa. Wengine wanasema deni ni deni, mjadala umefungwa. Naomba tuufungue kidogo.

Dawa ya deni

Tuanze na upande wa mahesabu, maana ukianza na huruma watu wa mahesabu hawatakusikiliza, na wana sababu zao. "Dawa ya deni ni kulipa," walisema wahenga, na hawakuweka mabano ya maji. Maji ya mvua ni bure. Maji ya bomba yana chanzo cha kulinda, pampu zinazokula umeme usiku na mchana, dawa ya kuua vijidudu, mabomba yanayopasuka, na mafundi wenye watoto wa kusomesha. Mteja asipolipa, gharama haiyeyuki. Inahamia kwa jirani anayelipa kila mwezi kwa kujibana, au kwa mtaa wa pembezoni unaosubiri bomba miaka nenda rudi.

Watanzania hatuhitaji kusoma jambo hili vitabuni. Mwaka 1971 nchi ilianza mpango wa miaka ishirini wa kuwapatia wananchi wa vijijini maji safi, na lengo lilikuwa kwamba kufikia 1991 kila mtu awe na maji ndani ya mita 400 kutoka nyumbani kwake. Serikali ingegharamia. Nia ilikuwa njema kabisa, na mingi ya miradi hiyo ilijengwa kweli. Lakini pampu iliyojengwa kwa nia njema nayo huharibika, na ikiharibika inataka dizeli, vipuri na fundi. Mwaka 1991 ulifika, lengo halikufikiwa, na sera zilizofuata, hasa ile ya mwaka 2002, zikaja na lugha ya wananchi kuchangia gharama. Kwa hiyo anayesema "maji ni uhai, basi yawe bure" hajamaliza sentensi yake. Hajasema nani atanunua kipuri.

Basi mimi siulizi kama deni lilipwe. Lilipwe. Ninachouliza ni kama kiu ni njia halali ya kulidai.

Maana tusijifanye kwamba kila huduma inayokatwa ni sawa. King'amuzi kikizimwa kwa sababu hujalipia, utakosa mechi, utaenda kuiangalia kwa jirani, maisha yanaendelea. Mwili wa binadamu unaweza kuvumilia njaa kwa wiki kadhaa. Bila maji unahesabu siku. Na kabla mtu hajafa kwa kiu, kuna mengine yanayotangulia: choo kisichomwagwa maji, mikono isiyonawa, vidonge visivyomezeka, chupa ya mtoto isiyooshwa, kuhara. Mdai anayekata maji ameshika kitu ambacho mdaiwa hawezi kukisubiri. Ndiyo maana njia hii inafanya kazi vizuri sana, na ndiyo maana inatisha.

Mji uliozungukwa na maji

Mifano kwetu ipo, lakini nataka tuutazame kwanza mji wa Detroit, katika jimbo la Michigan, Marekani, kwa sababu kule visingizio vingine vyote vinaondoka na linabaki swali lenyewe. Detroit haina ukame. Imejengwa kando ya mto, katika eneo la Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini, ambayo yanabeba karibu moja ya tano ya maji yote yasiyo na chumvi yaliyo juu ya uso wa dunia. Nchi yenyewe ni tajiri. Mitambo ipo, wahandisi wapo. Hakuna anayeweza kusema maji "yamekatika."

Mwaka 1950 mji ule wa viwanda vya magari ulikuwa na watu wapatao milioni 1.85. Kisha viwanda vikapungua, wenye kipato, wengi wao wazungu, wakahamia vitongoji vya nje, na kufikia 2013 walikuwa wamebaki watu takriban 700,000, wengi wao Wamarekani Weusi. Karibu wanne kati ya kila kumi waliishi chini ya mstari wa umaskini. Sasa fikiria jambo moja la kifundi tu: mabomba hayahami. Watu wakiondoka, bomba la mtaa wao linabaki chini ya ardhi, linavuja, linataka matengenezo yale yale. Waliobaki, ambao ndio maskini zaidi, wanarithi bili ya mji mkubwa kuliko wao. Sehemu ya deni la maskini wa Detroit ni kivuli cha watu waliokwisha kuondoka.

Julai 2013 mji ukaomba mahakamani ulinzi wa kufilisika, ukiwa na deni la takriban dola bilioni 18, na haujapata kutokea mji wa Marekani uliofilisika kwa deni kubwa kiasi hicho. Mwaka uliofuata idara ya maji ikaanza kukusanya madeni kwa nguvu. Aliyedaiwa zaidi ya dola 150, au aliyechelewa zaidi ya siku 60, aliwekwa kwenye orodha. Wakandarasi wakapita mtaa kwa mtaa wakifunga koki, maelfu kwa maelfu ya nyumba. Wakazi walisimulia jinsi alama ya rangi ya buluu ilivyopuliziwa chini mbele ya nyumba iliyokatiwa, ili kila apitaye ajue. Majirani wakavutiana mipira ya maji dirisha kwa dirisha. Wazazi wakaogopa kusema kwamba hawana maji, wasije maofisa wa ustawi wa jamii wakawachukua watoto kwa hoja kwamba nyumba haifai.

Tafakari hilo la mwisho. Mkono mmoja wa utawala unakata maji, na mzazi anaogopa kwamba mkono mwingine utakuja kumshtaki kwa kukosa maji.

Kesi ikafika kwa Jaji Steven Rhodes, aliyekuwa akisimamia shauri la kufilisika kwa mji. Septemba 2014 akaamua. Alikubali kwamba kukatiwa maji kunawaletea wakazi madhara yasiyofidika. Lakini, akasema, sheria haiwapi haki ya kupata maji inayoweza kutekelezwa na mahakama, na kuuzuia mji usikate kungehatarisha mapato yake wakati ambapo hauna kitu. Mwezi uliofuata wataalamu wawili wa Umoja wa Mataifa, Catarina de Albuquerque na Leilani Farha, walitembelea Detroit wakasema kinyume: kumkatia maji mtu asiye na uwezo wa kulipa ni kuvunja haki za binadamu.

Kwa hiyo tuna jaji anayesema madhara yapo ila haki haipo, na wataalamu wanaosema haki ipo ila hawana rungu. Mwenye nyumba kavu anasimama katikati.

Hawezi na hataki

Mtetezi wa mkataji ana hoja moja nzito iliyobaki, na ni lazima tuikabili: kuna watu wanaoweza kulipa na hawataki. Kila mtaa unao. Ana gari nje, ana televisheni ukuta mzima, deni la maji la miezi minane. Ukitangaza kwamba hakatwi mtu, huyu atakuwa wa kwanza kushangilia.

Ni kweli. Ndiyo maana swali zima linasimama juu ya vitenzi vingine viwili: hawezi na hataki. Kwenye daftari la madeni wote wawili wanaonekana sawa, namba nyekundu. Kimaadili ni watu wawili tofauti kabisa. Wa pili anatunyang'anya. Wa kwanza hana.

Afrika Kusini walijaribu kuiandika tofauti hii kwenye sheria. Sheria yao ya Huduma za Maji ya mwaka 1997 inasema kwamba utaratibu wa kupunguza au kusitisha maji usimfikishe mtu mahali pa kunyimwa huduma ya msingi kwa sababu ya kutolipa, iwapo mtu huyo atathibitisha kwamba hana uwezo wa kulipia. Ni kifungu kizuri. Lakini soma tena neno "atathibitisha." Mzigo amebebeshwa nani? Maskini ndiye anayetakiwa kwenda ofisini, kupanga foleni, kupata karatasi, kusimulia umaskini wake mbele ya karani, na kurudi kesho kwa sababu muhuri haupo. Bibi asiyejua kusoma hatafika. Mgonjwa hatafika. Mwenye aibu hatafika. Yule mwenye gari nje, akiona kuna faida, atafika wa kwanza, na mafaili yake yamepangwa vizuri.

Kisha ikaja kesi ya Phiri, mtaa mmojawapo wa Soweto. Mji wa Johannesburg ulifunga pale mita za kulipia kabla. Kila kiwanja kilipata lita 6,000 za bure kwa mwezi, zikiisha unanunua nyingine au mashine inafunga hadi mwezi mpya. Kwenye karatasi, lita 6,000 ni 200 kwa siku. Lakini katika viwanja vya Phiri kulikuwa na nyumba kubwa na vibanda vya uani, ukoo mzima na wapangaji wake. Watu wanane wakigawana, kila mmoja ana lita 25. Wakiwa kumi na sita, lita 12 na nusu: kunywa, kupika, kufua, kuoga na choo, vyote ndani ya ndoo isiyojaa. Wakazi watano wakaenda mahakamani, jina la kwanza kwenye kesi likiwa la Lindiwe Mazibuko. Mwaka 2008 Mahakama Kuu ikawapa ushindi, ikataja lita 50 kwa mtu kwa siku. Tarehe 8 Oktoba 2009 Mahakama ya Katiba ikaufuta ushindi huo. Ni haki kuongeza kwamba kesi yenyewe iliusukuma mji kurekebisha sera yake njiani, na mahakama ililitambua hilo.

Lakini kuna sehemu moja ya hukumu ile ambayo mpenda maneno hawezi kuipita. Sheria ilidai kwamba kabla ya kukatiwa, mteja apewe taarifa na nafasi ya kujieleza. Wakazi wakasema: mita hii inatukatia bila taarifa, saa tisa za usiku, bila sikio la kutusikiliza. Mahakama ikajibu kwamba mita inapofunga, maji hayajakatwa kwa maana ya sheria. Yamesimama kwa muda tu, hadi mteja anunue mengine au mwezi uishe.

Hapo ndipo sarufi yetu inaporudi. Mashine ilikuwa imehamisha kitendo kutoka kauli moja kwenda nyingine. Hakuna fundi aliyekuja, hakuna aliyefunga koki, hakuna aliyeangalia kama ndani kuna mtoto. Sisi wa Tanzania tunalijua jambo hili kwa umeme. Uniti za LUKU zikiisha usiku hatusemi TANESCO imetukatia, tunasema "umeme umeisha," kama tunavyosema sukari imeisha. Mita za namna hiyo za maji nazo zinazidi kuingia mijini kwetu. Zina faida zake, sikatai: hakuna bili ya kushtukiza, hakuna ugomvi wa usomaji wa dira, kila mtu anatumia alicholipia. Ila zina jambo hili moja. Zinamkata asiye na kitu bila mtu yeyote kujua kwamba amekatwa. Zamani angalau fundi aliona. Alibisha hodi, akakutana na macho ya mtu, na pengine, akiwa muungwana, alisema, "Mama, nitarudi wiki ijayo." Mashine haina wiki ijayo.

Ratili moja ya nyama

Wapenzi wa fasihi mtakumbuka mahali ambapo swali hili liliwahi kuulizwa jukwaani. Mwaka 1969 Mwalimu Nyerere alitoa tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare na kuiita Mabepari wa Venisi. Antonio amekopa dukati elfu tatu, muda umepita, na mkataba unasema akishindwa kulipa Shylock atamkata ratili moja ya nyama. Mkataba ni halali. Saini ipo. Mji unaishi kwa biashara, na mikataba isipoheshimiwa nani atakuja kufanya biashara? Ukiiondolea mavazi ya zamani, ni hoja ile ile iliyosikika Detroit.

Tamthilia ile ina dhambi zake, na namna ilivyomchora Myahudi ni mojawapo. Mtu aliyetemewa mate maisha yake yote anageuzwa kuwa sura ya ukatili, huku waliomtemea wakitoka wasafi. Labda Mwalimu alikuwa na lake moyoni alipoacha kuandika "mfanyabiashara" mmoja akaandika "mabepari" wengi. Na mamlaka ya maji si Shylock. Shylock alikataa fedha hata alipotolewa zaidi ya deni, alitaka nyama. Mamlaka inataka fedha tu, nyama haiihitaji.

Lakini suluhisho la Porsha linatufaa. Aliposimama mahakamani katika mavazi ya mwanasheria hakusema deni ni batili. Alisema: chukua nyama uliyoandikiwa, ila damu haimo kwenye mkataba, isidondoke hata tone. Wengi huiona ile kama hila ya kisheria, na ni hila kweli. Ndani yake, hata hivyo, kuna kanuni isiyo hila. Kuna madeni ambayo huwezi kuyadai kwa njia fulani bila kugusa kitu ambacho hakijawahi kuwekwa rehani. Mtu aliyesaini fomu ya kuunganishiwa maji aliweka rehani fedha zake. Hakuweka rehani figo za mama yake aliyelala chumba cha ndani, wala utumbo wa mtoto wa mpangaji ambaye hata jina lake halimo kwenye bili. Ukikata maji ya nyumba, umekwenda kudai kwa watu ambao hawakukopa.

Na huko mitaani kwetu hili la mpangaji si nadharia. Nyumba moja, vyumba nane, dira moja, jina la mwenye nyumba. Wapangaji wanachangishana kila mwezi, mwenye nyumba anaishi mbali, hela haifiki, koki inafungwa. Wanaokaukiwa ni watu saba waliolipa na mmoja ambaye labda hakulipa. Deni la mmoja, kiu ya wote.

Deni lidaiwe, bomba lisifungwe

"Sasa tufanyeje?" atauliza mtu wa mahesabu, na safari hii kwa haki. Jibu moja lipo, na halitoki kwa wenye ndoto. Linatoka Uingereza.

Mwaka 1989 mamlaka za maji za England na Wales zilibinafsishwa. Miaka michache baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1990, nyumba zilizokatiwa maji kwa mwaka zilipita 20,000. Madaktari wakapiga kelele, kwa sababu nchi ile inakumbuka London ya 1854, pale Daktari John Snow alipouhusisha mlipuko wa kipindupindu na pampu moja ya maji ya mtaani. Hatimaye Sheria ya Tasnia ya Maji ya 1999 ikapiga marufuku kukatia nyumba za kuishi maji kwa sababu ya deni, pamoja na shule, hospitali na nyumba za kulea wazee. Haikufuta deni. Kampuni inaweza kukupeleka mahakamani, kukudai kidogo kidogo, kukupangia malipo. Kitu kimoja tu ilinyang'anywa: koki.

Kampuni zile hazikufa. Wapo wasiolipa, na hasara yao inaongeza kitu kidogo kwenye bili za wengine. Ni gharama halisi, tusiifiche. Lakini sasa angalau inaonekana, inapigiwa hesabu, na jamii inaibeba kwa kujua. Mbadala wake ni kuibebesha yote nyumba moja, ile dhaifu kuliko zote, halafu tuseme mahesabu yamelingana.

Na hapa kuna somo kuhusu matamko. Tarehe 28 Julai 2010 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipiga kura kutambua maji safi na usafi wa mazingira kuwa haki ya binadamu. Nchi 122 zilikubali, hakuna iliyokataa, 41 hazikuegemea upande wowote. Miongoni mwa hizo 41 zilikuwemo Marekani, Uingereza, Kenya na Tanzania. Uingereza haikunyoosha mkono kuiita haki, ilhali ilikuwa imeshawanyang'anya wakataji koki miaka kumi na moja kabla. Kenya haikunyoosha mkono pia, na kabla mwezi haujaisha tangu kura ile, ikawa imezindua Katiba mpya ambayo Ibara yake ya 43 inampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Mikono ya New York haitabiri vizuri kinachotokea bombani.

Detroit yenyewe ilikuja kusogea. Machi 2020, UVIKO-19 ulipoingia na kila redio ikihimiza watu wanawe mikono, mji ukaanza kuwarudishia maji waliokatiwa, na ukasitisha ukataji hadi mwisho wa 2022. Kumbe iliwezekana. Sheria haikuwa imebadilika siku ile. Kilichobadilika ni kwamba ukavu wa jirani ulikuwa umegeuka hatari kwa mwenye maji. Mwaka 2022 mji ukaanzisha mpango wa bili kwa kadiri ya kipato, kiwango cha chini kabisa kikiwa dola 18 kwa mwezi. Maana ukiomba kiasi ambacho mtu anacho, atalipa. Ukiomba asichonacho, hata ukimkatia mara kumi, hutakipata.

Waliokatwa kabla ya kuunganishwa

Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi anaweza kuniambia: ndugu, unatuletea habari za watu wenye mabomba. Maskini wetu hana koki ya kufungwa. Ananunua kwa dumu, kutoka kwa mwenye mkokoteni au mwenye kisima, na kwa lita anamlipa mchuuzi zaidi ya anavyolipa tajiri mwenye bomba. Huyo atalindwaje na sheria ya kutokukata?

Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote, na sina jibu la kuimaliza. Ninachokiona ni kwamba haipingani na yaliyotangulia. Aliyekatiwa maji anajiunga na yule wa dumu siku hiyo hiyo, foleni ile ile, bei ile ile, ila sasa ana deni juu. Kumkata hakumpi maji yule ambaye hajaunganishwa. Kunamwongezea mwenzake kwenye foleni. Na mamlaka inayojizoeza kuona nyumba kavu kama jambo la kawaida la kiutawala haitakuwa na haraka ya kuuona mtaa mzima mkavu.

Jambo moja, hata hivyo, linaweza kufanyika bila kungoja utajiri. Mzigo wa kutofautisha hawezi na hataki abebe mwenye nguvu, si mnyonge. Kabla koki haijafungwa, afike mtu, si ujumbe wa simu peke yake. Aulize nani anaishi humu. Akikuta mzee, kichanga, mgonjwa, au wapangaji waliokwisha kulipa, afungue mazungumzo ya deni, koki aiache. Akikuta mwenye gari nje, ampeleke mahakamani, ambako wadaiwa wengine wote hupelekwa. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: methali hii husemwa sana kwa mzaha, lakini kwa maji inabana, kwa sababu haki inayodaiwa hapa haivuki ndoo chache kwa siku.

Na fundi huyo akirudi ofisini baada ya kufunga, kama bado kuna cha kufunga, aandike kwenye ripoti yake kitenzi cha kweli. Asiandike huduma imesitishwa. Aandike: tumekata maji ya nyumba yenye watu sita, mmoja wao ana miezi minne. Kisha mkubwa wake aweke saini chini ya sentensi hiyo, kama ataweza.